Mkanda Wenye Alama za Meno

6 Machi

Mvua imeanza, na Kutu naye kaanza. Huyu muuza vitu vya kale tulimpa jina hilo kwa sababu kila anachouza kina kutu, hata ahadi zake. Alifika mlangoni amelowa chapachapa, amekumbatia sanduku alilolifunga vizuri kwa nailoni, yeye mwenyewe hana hata mwavuli. Nikajua hapa kuna kitu. Kutu hawezi kulowa kwa ajili ya takataka.

Sanduku la daktari wa jeshi. Mbao nyekundu, pembe za shaba, ndani mahameli iliyopauka. Msumeno wa kukatia mifupa, visu viwili virefu, koleo la kutolea risasi mwilini, na mkanda wa kubana damu wenye skrubu ya kukazia. Vyote ni vya karne ya kumi na tisa, miaka yake ya mwanzo, kabla dawa ya usingizi haijafika kwenye mahema ya vita. Chini kabisa, mahali ambapo masanduku yangu mengine yana nafasi tupu, kulikuwa na kipande cha mkanda wa ngozi nene, kifupi kuliko kiganja changu, chenye alama za meno.

Majeruhi aliwekewa hicho mdomoni ang'ate wakati anakatwa. Nimekitafuta tangu nianze kukusanya vitu hivi. Nilimwambia Kutu kwamba ni cha kawaida tu, vinapatikana kila mahali. Akacheka, maana nilikuwa sijakiweka chini.

Mke wangu alitazama kutoka mlango wa jikoni, akauliza kama na hicho kitakaa sebuleni. Nikamwambia ndiyo, kitakaa sebuleni. Akarudi jikoni.

7 Machi

Mvua. Hakuja mteja hata mmoja. Nimesafisha msumeno.

10 Machi

Wageni wa Jumapili. Walijaa sebule nzima, maana habari za sanduku zimeshawafikia. Nikawapa maelezo yangu ya siku zote, na vichekesho vilevile, na walicheka palepale wanapocheka wengine. Bwana mmoja alitoka nje kupunga upepo nilipofika kwenye msumeno. Nikiri kwamba hunifurahisha mtu akitoka.

Mke wangu alipitisha chai kama kawaida. Anachechemea kidogo. Anasema kiatu kipya kimemchubua.

13 Machi

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Siwezi kuona alama za meno nikapita tu, kama vile fundi cherehani asivyoweza kupita penye mshono uliofumuka. Leo nimeichukua ile ngozi hadi kwenye chumba changu cha kazi, nikaipaka mafuta, nikaizungushia ukuta wa nta, halafu nikamimina plasta kwenye mashimo. Nilichofanya ni kile ninachomfanyia mteja yeyote, ila mteja huyu aliing'ata kabla babu wa babu yangu hajazaliwa.

Plasta ilipokauka nikapata mdomo. Mdomo mdogo. Magego ya mwisho hayakuwa yameota, kwa hiyo alikuwa kijana, pengine hata ndevu bado. Chonge ya juu, upande wa kushoto, haipo. Meno ya mbele yamezama kwenye ngozi kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona katika kazi yangu yote. Nilikaa nikiutazama muda mrefu, na sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Nimeuweka juu ya meza ya kazi, pamoja na meno ya wateja yanayosubiri wenyewe. Mke wangu aliingia kuniita chakulani, akauona, akasema, "Huyo ni nani?" Mtu mwingine angeuliza hiki ni nini.

15 Machi

Msumeno umetoa jasho. Niliupaka mafuta jana, leo una vijidoa vyekundu. Unyevu tu.

16 Machi

Umetoa jasho tena.

19 Machi

Aibu ya mwaka. Mama anayeuza vitambaa sokoni alikuja kuchukua meno yake ya juu. Akayavaa, akajitazama kwenye kioo, kisha akaniuliza kwa upole kama bei niliyomtajia ilikuwa ya meno yote au ya meno pungufu. Nikatazama. Juu, kushoto, mahali pa chonge, nimeacha pengo. Si kwamba jino lilidondoka. Nimelipanga lile pengo mwenyewe, nikalizibia fizi vizuri, nikaling'arisha. Mikono yangu imemtengenezea mama wa watu mdomo wa yule kijana, na mimi mwenyewe sikujua.

Nilimwomba radhi na kumwahidi mengine bure. Alipoondoka nikaugeuzia ule mdomo wa plasta ukutani. Baadaye nikaona ni utoto, nikaurudisha ulivyokuwa. Lakini sikukaa tena chumbani.

20 Machi

Kiti cha wateja, kando ya dirisha la chumba cha kazi, hakina mtu. Kuna wakati nainua kichwa nikitaka kusema karibu.

21 Machi

Mvua haijakatika tangu juzi. Sijafanya kazi.

23 Machi

Binti yetu alikuja kutoka shuleni anakofundisha, akaingia, akasimama katikati ya sebule na kunusa. Akauliza kitu gani kimeoza. Nikamwambia ni mbao za sanduku, mahameli ya zamani hunuka wakati wa mvua. Alimwendea mama yake, akapiga magoti, akamvua soksi.

Sikuweza kuendelea kutazama. Kidole kidogo kimekuwa cheusi, na weusi umeshapanda kwenye wayo. Mke wangu ana kisukari, anajua sheria zote za miguu, yeye ndiye anayewasomea wenzake zahanati. Na huo mguu ameuficha siku zote hizi ndani ya soksi, humu humu ndani, nami nikinusa na kusema ni mahameli.

Binti alikuwa analia kwa hasira. Ameniambia, Baba, unaweza kusoma meno ya maiti na mkeo humwoni anachechemea. Tumempeleka hospitali kwa teksi, maji yakiwa yamefika nusu ya magurudumu.

25 Machi

Daktari wa upasuaji ni mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Anasema damu haifiki tena kwenye wayo na sumu inapanda. Wakate chini ya goti, ndani ya wiki mbili. Wakichelewa watakata juu ya goti, na wakichelewa zaidi hakutakuwa na cha kukata.

Mke wangu alisikiliza hadi mwisho, akamshukuru daktari vizuri sana, akasema hapana.

26 Machi

Hapana.

28 Machi

Tumejaribu sote. Binti amemleta dada wa mama yake, amemleta mchungaji, mimi nimembembeleza, nimemkaripia, nimembembeleza tena. Anatabasamu tu na kututuliza kama vile sisi ndio wagonjwa. Hasemi sababu. Si dawa za kienyeji, hana habari nazo. Si dini, mchungaji mwenyewe amemwambia akubali.

Leo uvumilivu ukanishinda. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Maneno yakatoka, nikayasikia yakienda. Akanitazama, akasema ni kweli, wahenga hawakukosea. Akageukia ukutani.

Nimerudi nyumbani kwa miguu ili mvua inipige.

29 Machi

Nyumba bila yeye haikaliki. Skrubu ya ule mkanda wa kubana damu nimeikuta imelegea. Mimi huiacha imekazwa. Nimeikaza. Nimekaa sebuleni nikiitazama ifanye nini, mtu mzima mimi, na mwisho nikajiambia ni mkanda unaolegea kwa unyevu. Huenda ni kweli. Chumba cha kazi nimekifunga kwa ufunguo.

2 Aprili

Nitajaribu kuyaandika kama yalivyokuwa.

Wameturuhusu tumlete nyumbani kidogo akiwa na dawa za kumeza, kwa sababu amekataa kupasuliwa na kitanda kinahitajika. Daktari ametupa siku chache za kufikiri, baada ya hapo, alisema, hatatudanganya, hakuna tena la kufanya. Tukamlaza sebuleni kwenye kochi, maana ngazi hawezi. Binti alikwenda dukani. Nikaketi mbele yake kwenye kigoda nikamwambia sitaondoka mpaka aniambie anaogopa nini. Nikamwambia siku hizi ni sindano moja, husikii kitu, si kama zamani.

Akauliza, "Zamani ilikuwaje?"

Nikasema wewe unajua. Akasema ndiyo, najua. Kisha akakaa vizuri kwenye mto, akakohoa kama ninavyokohoa mimi, akaanza.

Lazima nieleze hapa kwamba mke wangu alikuwa mpokea simu wa idara ya maji mpaka alipostaafu. Sauti ya mtu akiisikia mara moja haisahau, na anaweza kukurudishia maneno yako bila kupunguza nukta. Watoto walikuwa wanamwogopa kwa hilo. Lakini mimi hajawahi kuniigiza.

"Karibuni, karibuni, msiogope, wenyewe walishamaliza kupiga kelele," alisema kwa sauti yangu. "Kwanza wanne wanamshika. Wawili mabegani, mmoja mguu mzima, na wa nne anashika ule unaoondoka, usidondoke mchangani. Daktari anakaza skrubu. Kisu, mzunguko mmoja tu. Halafu sasa, mabibi na mabwana, msumeno. Mfupa mbichi haukatiki kama mbao kavu, unatafuna. Wengine walisema hawakukumbuka maumivu, walikumbuka mlio. Daktari hodari alikuwa anamaliza kabla chai haijapoa."

Akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Hapo unanyanyua kikombe juu, unanitazama, nami nakuja kukuongezea chai, watu wanacheka."

Ni kweli. Kila Jumapili nanyanyua kikombe. Sijawahi kujiuliza yule anayeongeza chai anasikia nini.

Nikamwambia kuna dawa sasa. Akasema, "Kichwa changu kinajua kuna dawa. Mguu haujui. Mguu umekusikiliza wewe."

Kisha akanyoosha kidole kwenye kiti cha pale sebuleni, kando ya kabati la vioo ninamoweka vitu vyangu, akasema ameona siku hizi nakitazama sana kile cha wateja kule chumba cha kazi. Anajua nimeanza kumwona mtu ameketi pale. "Wewe umeanza juzi," alisema. "Mimi nimekaa naye hapa tangu ulipoleta msumeno wa kwanza. Nikifagia namzunguka. Sijakuambia kwa sababu wewe ulikuwa na furaha, na furaha yako nyingine sikuiona."

Niliweka kichwa changu kwenye mapaja yake nikalia kwa sauti. Alinipigapiga mgongoni. Hakusema nisilie.

3 Aprili

Nimetaka kumwita Kutu abebe kila kitu. Mke wangu amekataa. Anasema kabati likiwa tupu atasikia vilevile, ila hatakuwa na mahali pa kutazama.

4 Aprili

Nimekwenda kwa daktari peke yangu. Nikamwuliza kila kitu, polepole, kama mgonjwa na si kama mkusanyaji. Jambo gumu ni hili: moyo wa mke wangu ni dhaifu, hawawezi kumlaza usingizi kabisa. Watamchoma sindano mgongoni, chini hatahisi chochote, lakini atakuwa macho. Nikauliza kama atasikia. Daktari akachezea kalamu yake, akasema ndiyo, mlio atausikia.

Kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote nilimwonea hasira daktari, kana kwamba yeye ndiye aliyeyatunga.

Nilirudi nikiwa na nia ya kuficha. Nikafika mlangoni nikaona siwezi. Kuna uongo ambao ukimpelekea mwanamke aliyezeeka akisikiliza watu kwenye simu unarudi nao mwenyewe. Nikamwambia yote, na la kusikia pia. Mvua ilikuwa inapiga bati la varanda kiasi kwamba tulilazimika kusogeleana.

Kisha akauliza, "Yule kijana wa mkanda wa meno, alipona?"

Nikasema sijui.

"Miaka yote hii, hata mmoja wao, hujui alikwenda wapi baadaye?"

Nikasema sijui. Najua chuma cha msumeno, najua aina ya meno yake, najua mbao za mpini. Mtu hata mmoja simjui.

Akasema hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kusema juu ya misumeno yangu ambalo yeye ameliamini. Akasema anataka kujua baadaye kuna nini, maana inaonekana hakuna mtu aliyewahi kurudi sebuleni kwetu kueleza.

"Mwambie daktari nimekubali. Lakini na wewe uingie. Kama nitasikia, na wewe usikie."

5 Aprili

Daktari amekubali nikae kichwani kwake, nyuma ya pazia, nikivaa mavazi yao. Amesema si kawaida. Nikamwambia hata sisi si wa kawaida.

8 Aprili

Imefanyika.

Chumba ni cheupe na baridi kali, taa nyingi, watu wachache wenye adabu. Hakuna aliyemshika. Nilikuwa nikiwatafuta kwa macho wale wanne, na hawapo. Mke wangu amelala na kofia ya nailoni kichwani, uso umekuwa mdogo. Pazia la kijani lilipita juu ya tumbo lake. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimejiandaa na maneno. Usiku kucha nilipanga nimsimulie safari zetu, watoto, mchezo mzima wa jinsi nilivyomchumbia, ili azibe masikio kwa sauti yangu, maana sauti yangu ndiyo iliyoharibu.

Daktari akasema tunaanza. Nikaanza na mimi. Nikazungumza juu ya nyumba yetu ya kwanza na choo chake kisicho na mlango. Alitabasamu. Nikaendelea.

Halafu ukaja mlio. Ni mashine siku hizi, mlio mwembamba, mfupi. Ukagusa mfupa ukabadilika. Nilikuwa nimeueleza mlio huo kwa wageni maisha yangu yote, na sikuwa naujua hata kidogo. Haukuwa wa kusimulika. Na ghafla nilikuwa na hakika kwamba yupo yule kijana, yupo na sisi nyuma ya pazia, mdomo wazi, pengo juu kushoto, na kwamba nikigeuka tu nitamwona. Sauti ikanikatika. Nikasikia mtu anasaga meno kwa nguvu, na mtu huyo ni mimi.

Mke wangu akanivuta mkono mpaka uso wangu ukawa juu ya wake.

"Nitazame mimi," alisema. "Usigeuke. Usimsikilize. Ehe, kile choo, mlango tuliuweka lini?"

Basi akajibu yeye. Akanisimulia yeye, taratibu, kwa sauti yake ya simu, mlango tuliuweka lini na nani alitudanganya bei ya misumari, jirani yupi alichungulia, mimi nilivaa nini siku mama mkwe alipokuja. Vidole vyake vilikuwa vimenishika kiasi kwamba leo kiganja kina alama. Alisimulia mpaka mlio ukaisha. Muuguzi mmoja alikuwa anafuta macho yake kwa bega.

Nimeandika haya nikiwa kwenye benchi la wodi. Amelala. Anapumua vizuri.

9 Aprili

Anapumua vizuri. Amedai chumvi kwenye uji, wamemnyima, amegomba.

14 Aprili

Kidonda ni kisafi. Dada yake alikuja na uso wa msiba, akaanza kumkumbusha kwamba aliambiwa mapema asivae viatu vile, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mke wangu akamjibu kwamba yeye maisha yake yote amesikia la wakuu wote, na guu limekwenda vilevile. Wodi nzima ilicheka. Nami nilicheka, kisha nikatoka koridoni nikakaa kidogo.

21 Aprili

Yuko nyumbani. Wageni wa Jumapili walibisha hodi, nikawaambia hakuna maelezo tena. Mmoja akasema amekuja kutoka mbali. Nikamwambia pole.

30 Aprili

Kutu, na akili zake. Amekuja na mguu wa mbao wa askari wa zamani zile, wenye mikanda ya ngozi, umefungwa kwa gazeti. Hakuwa na habari. Alipoingia na kumwona mke wangu kwenye kochi alitaka kurudi kinyumenyume na mguu wake, akagonga mlango. Mke wangu akamwita. Akaupokea, akaugeuza huku na huku, akatia mkono ndani mahali goti linapokaa. Ngozi ya ndani imesuguliwa ikawa laini kabisa, na imeshonwa upya mara nyingi kwa nyuzi za rangi mbalimbali.

Akasema, "Huyu aliutembelea sana." Akaushika kwa muda kabla ya kumrudishia.

4 Mei

Mvua imepungua. Jua lilitoka asubuhi, likazama tena mawinguni.

Mchana nilikuwa nasoma gazeti, nikamwona anahangaika kwenye kochi. Nikauliza nini. Akaona haya kusema. Nikasisitiza. Akasema kisigino kinamwasha. Kile. Kinamwasha tangu jana, anakunja vidole ambavyo havipo, na hakuna mahali pa kukuna. Daktari alimwonya kuwa hutokea, lakini hakumwambia kwamba kingekuwa pale kabisa, kizito, na soksi yake. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa kero, yeye ambaye hakulia kwenye chumba cha upasuaji.

Nikaweka gazeti chini. Nikapiga magoti mwishoni mwa kochi, mahali shuka inapolala bapa, nikanyoosha mkono juu ya patupu.

"Hapa?"

"Chini kidogo."

Nikashusha mkono.

"Ndani zaidi, upande wa ndani. Hapo hapo. Nikune kwa kucha, nikune sawasawa."

Nikamkuna. Nilimkuna mpaka akafumba macho, na akapata usingizi, nami niliendelea.